Kiti Kimoja, Watu Wawili: Historia ya Mbio za Magari za Ustahimilivu



Wapendwa wasomaji, juma hili naomba ruhusa yenu tuziache kwa muda mada tulizozizoea, tuzungumzie jambo ambalo wengi wenu hamkutarajia kulikuta katika ukurasa wa padre, nalo ni mbio za magari. Sisemi juu ya zile mbio fupi ambazo vijana wetu huzitazama katika televisheni Jumapili alasiri, ambamo dereva mmoja hukimbia kwa saa moja na nusu, akapokea kombe lake, akaenda zake. Nasema juu ya mbio za ustahimilivu, ambazo huchukua saa sita, kumi na mbili, hata ishirini na nne, usiku kucha, mvua inyeshe au isinyeshe, na ambamo gari moja huendeshwa kwa zamu na madereva wawili au watatu.

Sisi wa Afrika Mashariki si wageni kabisa wa roho ya mashindano haya. Mwaka 1953 yalianza mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana ulimwenguni kote kama Safari Rally. Mwaka huo huo, huko Ulaya na Marekani, yalizaliwa mashindano ninayotaka kuyasimulia leo: Ubingwa wa Dunia wa Magari ya Michezo. Ni ndugu wa umri mmoja wenye tabia tofauti. Katika Safari magari huondoka moja moja, kila moja likishindana na saa. Katika mbio za ustahimilivu magari yote huingia barabarani pamoja, makubwa na madogo, ya kasi na ya polepole, na lenye kasi hulipita la polepole mara nyingi kabla ya siku kuisha. Naomba mlishike jambo hilo, kwa maana mbele ya safari tutalikuta likiwa na uzito wa kutisha.

Mbio zenyewe zilikuwapo kabla ya 1953. Targa Florio, katika milima ya Sicilia, ilianza mwaka 1906. Saa 24 za Le mans, nchini Ufaransa, zilianza mwaka 1923. Mille Miglia, yaani maili elfu moja katika barabara za kawaida za Italia, ilianza mwaka 1927. Kila moja ilijitegemea. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilichofanya ni kuzikusanya mbio kadhaa kubwa katika jedwali moja la pointi. Msimu wa kwanza ulikuwa na mashindano saba, kuanzia Sebring katika jimbo la Florida hadi Carrera Panamericana nchini Mexico. Pointi hazikuwa za dereva bali za kiwanda kilicholiunda gari. Taji rasmi la madereva lilikuja mwaka 1981 tu, baada ya miaka 28. Ferrari ilitwaa taji la kwanza, lakini mbio za kwanza kabisa, zilizofanyika Sebring Machi 1953, zilishindwa na gari la Kimarekani la Cunningham lililoendeshwa na Phil Walters na John Fitch. Huyo Fitch alikuwa rubani wa vita vya pili vya dunia aliyetunguliwa na kufungwa Ujerumani. Tutakutana naye tena.

Kwa nini kiwanda na si dereva? Kwa sababu kusudi lilikuwa kuipima kazi ya mikono ya watu wengi. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda Le Mans kwa gari lenye breki za diski, teknolojia iliyokuwa ngeni wakati ule, na ambayo leo imo katika magari tunayopanda kila siku kwenda sokoni. Na dereva mwenyewe katika mbio hizi hana gari lake. Anakalia kiti ambacho saa mbili au tatu baadaye atakikalia mwingine mwenye miguu mirefu au mifupi kuliko yake. Akiziparuza gia kwa pupa, mwenzake ndiye atakayerithi gari bovu. Akichoka na asikubali kuchoka, wote wawili wamepotea.

Kisa cha Pierre Levegh chaonyesha hilo kuliko maelezo yangu. Mwaka 1952, mwaka mmoja kabla ya ubingwa kuanzishwa, Mfaransa huyu (jina lake halisi lilikuwa Pierre Bouillin) aliingia Le Mans na gari la Talbot. Alikuwa na mwenza aliyekuwa tayari kupokea usukani, lakini Levegh alikataa kushuka. Aliendesha peke yake kwa karibu saa 23, akiwa anaongoza kwa mizunguko kadhaa. Ilipobaki saa moja na kidogo, injini ikavunjika. Magari ya Mercedes-Benz yakapita na kuchukua nafasi ya kwanza na ya pili. Mkuu wa timu ya Mercedes, Alfred Neubauer, hakumsahau mzee yule mkaidi, na mwaka 1955 akampa kiti katika timu yake. Mwenza wake safari hii alikuwa John Fitch.

Msimu huo wa 1955 ulikuwa umeanza kwa utukufu. Tarehe 1 Mei, Mwingereza Stirling Moss alishinda Mille Miglia katika Mercedes akiwa na mwandishi wa habari mwenye ndevu ndefu, Denis Jenkinson, kando yake. Jenkinson alikuwa ameandika kila kona ya njia ile katika karatasi ndefu ya mita tano na zaidi, akaizungusha katika kisanduku mithili ya gombo la kale, na kwa kuwa sauti haikusikika ndani ya ngurumo ya injini, alimwongoza Moss kwa ishara za mikono. Walimaliza kilomita karibu 1,600 kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, katika barabara zilizopita katikati ya vijiji na miji, watu wakiwa wamejipanga pembeni kama wanavyojipanga kwetu siku askofu anapokuja kutoa kipaimara. Hakuna aliyewahi kuivunja rekodi hiyo, na kwa sababu nitakazozieleza hakuna atakayeivunja.

Siku arobaini na moja baadaye, Jumamosi tarehe 11 Juni, zilianza saa 24 za Le Mans. Njia ile ilibuniwa katika miaka ya 1920 kwa magari ya kilomita mia kwa saa. Sasa yalikuwapo yanayopita kilomita 250. Mbele ya jukwaa kuu barabara ilikuwa nyembamba, na vibanda vya mafundi vilikuwa ukingoni mwake bila ukuta wala njia ya pembeni ya kupunguzia mwendo. Upande wa pili, juu ya tuta la udongo, walisimama watazamaji.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, au dakika chache kabla yake, Mike Hawthorn katika Jaguar alilipita gari dogo la Austin-Healey lililoendeshwa na Lance Macklin, kisha akafunga breki ili aingie kwa mafundi wake. Macklin, asitake kumgonga, akakwepa kushoto. Nyuma yake alikuwa anakuja Levegh kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa hivi. Hakuwa na nafasi wala nukta ya kufikiri. Mercedes ililipanda gari la Macklin kwa nyuma, ikaruka, ikagonga tuta na kupasuka. Injini na ekseli ya mbele ziliruka na kuwafyeka watu waliosimama. Kiunzi kilichobaki, kilichokuwa na madini mepesi ya magnesiamu, kiliwaka moto mweupe ambao maji yaliuzidisha badala ya kuuzima. Walikufa watu zaidi ya 80, na Levegh mwenyewe. Zaidi ya mia walijeruhiwa. John Fitch alikuwa kwenye vibanda akisubiri zamu yake ya kukalia kiti kile.

Mbio hazikusimamishwa.

Waandaaji walieleza kwamba laiti wangezisimamisha, maelfu ya watu wangeondoka kwa pamoja na kuziba barabara za magari ya wagonjwa. Nimelitafakari sana jibu hilo, na sithubutu kulitupa, kwa maana lina busara ndani yake. Lakini ni busara ya saa mbili au tatu. Zilikuwa zimebaki saa 21 na nusu. Majeruhi wa mwisho alipokwisha kufika hospitali, magari yaliendelea kuzunguka usiku kucha mbele ya majani yaliyoungua, na asubuhi ikaja, na mchana ukaja, yakiwa yanazunguka. Sababu njema hutumika vema ikiwa na mwisho wake; ikinyoshwa kupita mwisho huo inageuka kuwa kisingizio, nasi sote tunajua jinsi mambo hayo yanavyotokea, hata katika vikao vyetu.

Fitch ndiye aliyeshauri Mercedes ijitoe. Viongozi wa kiwanda huko Stuttgart walilazimika kukutana kwa simu, na karibu saa nane usiku amri ikafika. Gari lililokuwa likiendeshwa kwa zamu na Juan Manuel Fangio na Moss lilikuwa la kwanza, mbele kwa mizunguko miwili. Liliitwa kimya kimya likaingia, mafundi wakafunga vifaa vyao, malori yakaondoka kabla ya mapambazuko. Timu ya Jaguar iliombwa ifanye vivyo hivyo, ikakataa, na Hawthorn na Ivor Bueb wakashinda. Jumatatu, misa ya kuwaombea marehemu iliadhimishwa katika kanisa kuu la Le Mans.

Uchunguzi wa serikali haukumtia dereva yeyote hatiani. Ulisema njia yenyewe ilikuwa imepitwa na wakati. Vibanda vikabomolewa, barabara ikapanuliwa, watazamaji wakasogezwa mbali. Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari katika viwanja vya mzunguko, na marufuku hiyo ilidumu kwa miongo mingi hata ikaanza kulegezwa kwa ajili ya magari ya umeme, yaliyoshindana Zürich mwaka 2018. Mercedes ilitwaa taji la 1955, ikafunga milango ya timu yake, na haikurudi waziwazi katika mbio hizi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mtadhani somo lilieleweka. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Mei 1957, tairi la Ferrari ya Mhispania Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo, Mille Miglia ikielekea ukingoni. Alikufa yeye, mwenzake Edmund Nelson, na watazamaji tisa, watano kati yao wakiwa watoto. Mille Miglia kama mbio za kasi za barabarani ikafa siku hiyo. Enzo Ferrari alishtakiwa kwa kusababisha vifo, akaondolewa hatia mwaka 1961. Katika miaka ile, madereva wake walipokuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, lilimfananisha na Saturno, yule mungu wa hadithi za kale za Kirumi aliyewala watoto wake mwenyewe. Ni maneno makali, na wapenzi wa Ferrari hawajayasahau. Mimi sioni kwamba dereva mtu mzima anayejua hatari ni sawa na mwana aliyeliwa na baba yake. Lakini watoto wa Guidizzolo hawakujiandikisha kushindana na mtu yeyote. Walitoka nje ya nyumba zao kutazama magari.

Juu ya vita vya Ford na Ferrari nitasema machache, kwa kuwa filamu ya mwaka 2019 imevitangaza vya kutosha. Ford ilitaka kuinunua Ferrari mwaka 1963. Mzee Enzo akakataa dakika za mwisho. Ford ikaapa kumshinda Le Mans, ambako Ferrari ilishinda mfululizo tangu 1960 hadi 1965. Mwaka 1966 magari matatu ya Ford yalimaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wakuu wa Ford walitaka yavuke mstari pamoja kwa ajili ya picha, na Ken Miles, aliyekuwa mbele, akatii amri ya kupunguza mwendo. Waamuzi wakatangaza kwamba Bruce McLaren na Chris Amon ndio washindi, kwa kuwa gari lao lilianzia nyuma zaidi na hivyo lilikuwa limesafiri mita chache zaidi katika saa 24. Miezi miwili baadaye Miles alikufa akijaribu gari jipya. Yule aliyelijenga gari lile kwa jasho lake hakuwahi kushinda Le Mans, na sababu ni picha ya matangazo.

Ninachotaka kukaa nacho zaidi ni kisa cha Mbelgiji Jacky Ickx. Ilikuwa desturi ya Le Mans kwamba magari hupangwa upande mmoja wa barabara na madereva husimama upande wa pili. Bendera ikishuka, wote hukimbia kwa miguu, hurukia magari yao na kuondoka. Lilikuwa tukio la kupendeza machoni. Ila mikanda ya usalama ilipoanza kufungwa magarini, wengi waliondoka bila kuifunga ili wasichelewe. Mwaka 1968 Willy Mairesse, Mbelgiji mwenzake, aliondoka kwa haraka mlango ukiwa haukujifunga sawasawa. Ulifunguka katika mwendo mkali, akapata ajali iliyomwacha bila fahamu kwa siku nyingi, na hakurudi tena mashindanoni.

Mwaka 1969, bendera iliposhuka, madereva wote walikimbia isipokuwa mmoja. Ickx, kijana wa miaka 24, alivuka barabara akitembea. Alitembea polepole, akalazimika hata kukwepa gari lililokuwa linaondoka, akaingia katika Ford yake, akafunga mikanda yake yote kwa utaratibu, akaondoka akiwa wa mwisho. Katika mzunguko ule ule wa kwanza Mwingereza John Woolfe, aliyekuwa katika Porsche 917 mpya, hakuwa amefunga mkanda. Gari lake lilipinduka, akatupwa nje, akafa. Saa 24 baadaye Ickx na mwenzake Jackie Oliver walishinda kwa umbali wa mita 120 hivi tu, katika gari lile lile lililokuwa limeshinda mwaka uliotangulia. Walioapa kwamba sekunde chache za kufunga mkanda zingempotezea mtu ushindi walikosa la kusema. Mwaka 1970 madereva walianza wakiwa wamekwisha kukaa na kufungwa mikanda, na ile desturi ya kukimbia kwa miguu haikurudi tena. Ickx akiwa njiani kwenda Paris baada ya ushindi wake, gari jingine lilimkatia barabara, lake likagonga nguzo. Akafungua mkanda, akatoka mzima.

Miaka ya 1970 sina mengi ya kuisemea. Porsche ilishinda Le Mans kwa mara ya kwanza mwaka 1970, na mwaka 1971 ile 917 iliweka rekodi ya kilomita 5,335 katika saa 24, rekodi iliyodumu hadi 2010. Targa Florio ikaondolewa katika ubingwa baada ya 1973, kwa sababu zile zile za Mille Miglia. Kanuni zilibadilishwa mara kwa mara hata watazamaji wakachoka kuzifuata. Ubingwa ulifika pia barani kwetu, Kyalami nchini Afrika Kusini, mwaka 1974 na tena katika miaka ya 1980, wakati ambapo mwananchi mweusi wa nchi ile hakuwa na kura. Michezo mingi ilikuwa imeisusia Afrika Kusini wakati ule. Mbio za magari hazikuisusia, nami nalitaja kwa sababu wanaoandika historia za magari hupenda kulipita.

Mwaka 1982 ilikuja kanuni iliyonivutia kuliko zote. Ulimwengu ulikuwa umetoka katika misukosuko miwili ya mafuta, ya 1973 na ya 1979. FIA ikasema: hatutawapimia ukubwa wa injini, jengeni mnavyotaka, tutawapimia mafuta. Tangi lisizidi lita 100, na katika mbio za kilomita 1,000 mtajaza mara tano tu, yaani lita 600 kwa safari nzima. Hiyo ndiyo iliyoitwa Group C. Ghafla dereva mwenye kasi kuliko wote hakuwa na uhakika wa chochote. Kulikuwa na waliotamba saa nzima kisha wakaishiwa mafuta mizunguko michache kabla ya mwisho, na padre yeyote akisoma matokeo yale hawezi asiwakumbuke wale wanawali kumi na taa zao. Porsche 956 ilimaliza Le Mans 1982 ikiwa ya kwanza, ya pili na ya tatu, zikiwa zimebandikwa namba 1, 2 na 3 kwa mpangilio huo huo, na Ickx akawa bingwa wa madereva mwaka huo na uliofuata. Viwanda vikamiminika: Lancia, Jaguar, Toyota, Nissan, Mazda, na Mercedes kupitia timu ya Uswisi ya Sauber. Mwaka 1988 Jaguar ilishinda Le Mans kwa kuwa Jan Lammers, akihofia giaboksi lingekatika, aliliacha gari katika gia ya nne hadi mwisho, hata alipotoka kwa mafundi.

Kifo hakikuwa kimekoma. Agosti 1985 alikufa Manfred Winkelhock huko Kanada, na tarehe 1 Septemba, huko Spa, kijana Mjerumani Stefan Bellof alijaribu kumpita Ickx katika kona ya Eau Rouge. Magari yakagusana, Bellof akafa. Ickx, yule aliyetembea mwaka 1969, aliacha mbio za viwanjani mwishoni mwa mwaka huo.

Hata hivyo, wapendwa, ubingwa huu haukuuawa na ajali. Ulistahimili 1955, 1957, na huzuni zote za 1985. Kilichouua ni haraka. Wakubwa wa mchezo waliona kwamba televisheni haina subira ya saa sita. Mwaka 1989 mashindano mengi yalifupishwa kuwa kilomita 480, na mwaka 1991 yakawa kilomita 430, isipokuwa Le Mans. Ile hesabu ya mafuta ikafutwa, na kila gari likatakiwa liwe na injini ya lita 3.5 ya aina ya Formula One, yenye gharama kubwa na maisha mafupi. Wapo wanaoamini kwamba ilikuwa njama ya kuvisukuma viwanda viende Formula One. Njama au si njama, wenye timu ndogo hawakumudu bei, na wenye timu kubwa walijiuliza kwa nini walipe gharama ya Formula One bila kupata watazamaji wake. Mazda ilishinda Le Mans 1991 kwa injini yake ya ajabu isiyo na pistoni, ya kwanza kwa Wajapani, kisha injini hiyo ikakosa nafasi katika kanuni mpya. Mwaka 1953 magari 60 yalianza saa 24 za Le Mans. Mwaka 1992 yalianza 28. Peugeot ikatwaa taji la msimu ule, na msimu wa 1993 ukafutwa kwa kukosa washiriki. Miaka 40 ikaisha hivyo, bila msiba wala matanga. Mbio za ustahimilivu zilizoondolewa ustahimilivu hazikuwa na sababu ya kumwacha Formula One akiwapo, na watu waliliona hilo kabla ya wakubwa.

Le Mans yenyewe haikufa. Mwaka 1994 Jürgen Barth, Patrick Peter na Stéphane Ratel walianza kukusanya magari ya wamiliki binafsi, ya kununulika, na kuyashindanisha kwa saa nne. Mwaka 1999 Don Panoz alianzisha Marekani mfululizo wa mbio kwa kanuni za Le Mans. Polepole zikarudi saa sita, zikarudi saa kumi na mbili. Na tarehe 17 Machi 2012 Ubingwa wa Dunia wa Ustahimilivu ulianza upya, mahali pale pale ulipoanzia mwaka 1953, Sebring. Leo Le Mans haimruhusu dereva yeyote kuendesha zaidi ya saa 14 kati ya 24. Alichokifanya Levegh mwaka 1952 sasa kimekatazwa kwa maandishi.

Maumivu ya mchezo yamebaki. Mwaka 2016 Toyota, iliyokuwa imeitafuta Le Mans tangu miaka ya 1980, ilikuwa inaongoza zikiwa zimebaki dakika tatu hivi. Kazuki Nakajima akaita kwa redio kwamba gari halina nguvu; likasimama mbele ya jukwaa kuu, Porsche ikapita. Wenzake walioendesha usiku kucha walikuwa wamesimama kwenye vibanda wakitazama. Toyota ilishinda miaka miwili baadaye, Nakajima akiwamo. Ferrari nayo ilirudi mwaka 2023, Le Mans ikitimiza miaka mia moja, na kushinda kwa mara ya kwanza tangu 1965. Mwaka 2025 ilishinda tena kupitia gari la njano la Robert Kubica, Ye Yifei na Phil Hanson. Kubica ni yule Mpolandi aliyeandika jina la Papa Yohane Paulo II kwenye kofia yake na kunusurika katika ajali ya kutisha ya Montréal mwaka 2007. Mwaka 2011 ajali nyingine ilikaribia kumkata mkono wa kulia. Yeye na Ye walikuwa pamoja pia mwaka 2021, gari lao lilipozimika katika mzunguko wa mwisho kabisa likiongoza daraja lake.

Nilisema tutakutana tena na John Fitch. Baada ya jioni ile ya Le Mans hakuacha mbio mara moja, ila alianza kutafuta namna ya kulisimamisha gari linaloacha njia bila kumuua aliyemo wala aliye pembeni. Alijaza mchanga katika mapipa, akayapanga, na kuyagonga mwenyewe kwa gari ili aone. Yakawa mapipa ya plastiki ya rangi ya njano yanayopasuka na kumwaga mchanga, yaliyopangwa mbele ya nguzo za madaraja na njia panda za barabara kuu za Marekani, na huitwa kwa jina lake mpaka leo. Msimu wa kwanza wa ubingwa mpya ulifungwa Shanghai tarehe 28 Oktoba 2012. Fitch alifariki siku tatu baadaye, tarehe 31, akiwa na umri wa miaka 95.